Sauti Iliyoshindwa Kuvuka Meza

Zamani, redio ilipougua ilikuwa na adabu ya kueleza maradhi yake. Ilikoroma, ilipiga miluzi, ilimkatakata maneno msomaji wa khabari, na fundi hodari aliweza kukaa kitako, akaisikiliza nukta chache pasipo kuifungua, akatamka kwamba taa ya ndani imechoka au kwamba waya fulani umeachia. Sauti ya tarakimu haina adabu hiyo. Aghlabu ama hufika kamili ama haifiki kabisa, na isipofika haiachi mkoromo wala mluzi wa kumwongoza mtu. Sababu zaweza kuwa kumi, lakini kimya ni kimoja, na penye kimya, katika Mji Mkongwe wa Unguja, kila mpita njia ana rai.

Ami yangu wa Kiponda, mzee mwenye mapenzi makubwa na taarabu, alirithi sanduku la santuri kongwe, na kwa kuwa sindano huzila santuri kila zinapopigwa, aila ilikata shauri sauti zihamishiwe katika kompyuta. Miongoni mwao zilikuwamo za Siti binti Saad, yule mzaliwa wa Fumba aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Kompyuta tukaiunga na amplifaya nzito ambayo Ami aliletewa na jamaa zetu wa Maskati, nayo, kwa waya wa kawaida, ikanguruma. Na friji ilipoamka jikoni ngurumo ikazidi, maana nyumba zile za mawe na chokaa zimetiwa umeme kwa vipindi na kwa mikono mingi, na waya wa shaba unaounga vyombo viwili hubeba, pamoja na sauti, ugomvi wa umeme ulio baina yao. Dawa yake ni waya wa nuru, aina iliyobuniwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983, ambao hauna shaba hata chembe na ambao hupitisha ile lugha ya tarakimu iliyowekwa na Sony na Philips. Nuru haina khabari na friji, nasi tukautia waya huo.

Basi usiku wa Idi mosi, baada ya Isha, wageni wakiwa wamejaa mkekani, kahawa inazunguka na haluwa imekwisha kukatwa, mjukuu wa Ami aliketi mbele ya kompyuta kumaliza matengenezo, akasoma kwa sauti orodha ya viwango, yaani vipande vya sauti katika kila sekunde, ambavyo kadi ya sauti ilikuwa tayari kuvitoa: 44,100, 48,000, 96,000, 192,000.

"Chagua kikubwa kuliko vyote, mwanangu," alisema Ami. "Leo Idi."

Kikachaguliwa kikubwa kuliko vyote. Mjukuu akabonyeza, katika skrini vile vistari vya kijani vikapanda na kushuka kwa bashasha, dhahiri kwamba mle ndani Siti anaimba na fidla inamjibu, na katika spika hapana kitu. Sauti iliyovuka bahari ya Hindi kutoka Bombay, ikastahimili vita, mapinduzi na mchwa, ilishindwa kuvuka meza.

Ndipo rai zilipofumuka. Shangazi alisema ni hasadi, kwani watu waliuona mzigo ule ukishushwa Malindi, na akashauri ufukizwe ubani. Muuza kahawa, ambaye hakualikwa kutoa hukumu, alihukumu kwamba waya ni wa bandia. Jirani mmoja alilaumu hewa ya chumvi, na huyo alikuwa na hoja kidogo, kwa kuwa hewa ya pwani imezila plagi nyingi mjini petu; illa nuru haishiki kutu. Fundi mmoja aliyepigiwa simu alijibu pasipo kuuliza lolote kwamba kadi imekufa, na kwamba anayo nyingine. Kila mtu, kabla ya kusema lake, alikwenda kwanza kukizungusha kirungu cha sauti cha amplifaya kidogo kulia, ili ahakikishe.

Mimi nilikwenda nyuma ya kasha la njumu, nikauchomoa waya upande wa amplifaya, nikaielekeza ncha yake kwenye kiganja cha mkono. Kidoa chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama, kikatua katikati ya kiganja. Watoto wakaja mbio, kila mmoja akataka kuishika sauti ya Siti, na kwa muda ikawa hiyo ndiyo burudani pekee ya karamu ile. Lakini kidoa kile kilikuwa ushahidi: mlango wa kadi uko hai na waya ni mzima. Wala taa nyekundu peke yake haithibitishi kwamba ndani yake mna muziki. Yaweza kuwa inawaka tu, kama taa ya duka ambalo mwenyewe amekwenda kulala.

Na kweli mwenyewe hakuwamo. Kompyuta ile ilikuwa imeungwa pia na televisheni kwa waya mwingine, na ilipoiona televisheni iliamua, kwa hiari yake, kwamba sauti yote iende huko. Taarabu ikawa inamiminwa kwa ukarimu ndani ya televisheni iliyozimwa. Nikaielekeza upya kwenye mlango wa nuru. Kimya. Mjukuu, alipoona hapana badiliko, alifanya ambalo kila mwenye akili timamu angelifanya: akairudisha sauti kwenye televisheni, ili tusivuruge mambo.

Hapa ndipo ilipo hila ya maradhi haya, nayo haisemwi vya kutosha. Ilikuwapo illa ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na mwenye illa mbili akitibiwa moja haoneshi nafuu yoyote. Ile dawa sahihi hutupwa pamoja na za uongo. Amplifaya ya Maskati ni ya zama za kale kidogo, na kijitabu chake kilisema wazi kwamba upeo wa kusikia kwake ni 96,000. Sisi, kwa heshima ya Idi, tulikuwa tukiisomea vipande 192,000 katika kila sekunde moja. Taa yake ndogo ilikuwa ikimetameta usoni, ikiiona nuru na isifahamu inachoambiwa. Tena yote hayo ni israfu: sidii iliyotoka mwaka 1982 iliridhika na 44,100, na santuri ya mwaka 1928 haina ndani yake hata hayo ya kukijaza kiwango hicho.

Mjukuu akarudisha sauti kwenye mlango wa nuru, akashuka hadi 48,000. Na hapo ndipo ilipobainika kwamba kirungu cha sauti, kwa mikono ya wageni wote, kilikuwa kimefika mwisho wa kulia. Siti binti Saad alitoka kwa kishindo ambacho Bombay haikupata kukisikia. Kikombe cha kahawa kikaruka, paka akatokea dirishani, na madirisha ya Kiponda yakafunguka moja baada ya moja. Ami hakutikisika. Alisema kwamba ile 192,000 ingelikuwa nzuri zaidi.

Nawe msomaji, ukiwa na amplifaya ya zamani, tazama kwanza kompyuta inapeleka wapi sauti, kisha iweke kwenye 48,000, na usiondoe badiliko moja kabla ya kujaribu la pili. Lakini kabla ya hayo yote rudisha kirungu cha sauti kushoto kabisa, kwani jirani ana haki yake.