Sifa za Mnyoo Mnyonya Damu wa Kondoo

Miongoni mwa viumbe walionyimwa haki yao na watunzi wa sifa, hakuna aliyedhulumiwa kuliko mnyoo ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus, mkazi wa tumbo la nne la kondoo, yaani lile tumbo la mwisho lenye asidi, ambalo kazi yake hulingana na ya tumbo la binadamu. Simba husifiwa kwa kunguruma na ng'ombe kwa maziwa, lakini mnyoo huyu, ambaye hana sauti wala maziwa na ambaye ameamua hatima ya makundi mengi ya kondoo kuliko simba wote wa Afrika Mashariki, hutajwa tu pale chupa ya dawa inapouzwa.

Umbo lake lenyewe lastahili utenzi. Jike huwa na urefu wa milimita 20 hadi 30, na mirija yake ya mayai, iliyo myeupe, hujisokota kuzunguka utumbo uliojaa damu, hata mwili wote ukaonekana una mistari myeupe na myekundu kwa zamu. Kinywani amejaliwa jino moja tu, dogo mno, la kuchania ukuta wa tumbo, na hilo humtosha, kwa kuwa mnyoo mmoja hunywa takriban sehemu 5 katika 100 za mililita ya damu kwa siku, kiasi ambacho hakuna mwungwana angekiita ulafi. Ni kweli kwamba minyoo 5,000 waliokutana katika tumbo moja humaliza robo lita kila siku, lakini hapo lawama si ya mmojammoja, ni ya umoja wao, na umoja ni jambo ambalo binadamu hulihimiza katika kila mkutano wa hadhara. Siasa ya Ujamaa nchini Tanzania, katika zama za Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilipenda kumtaja kupe kuwa mfano wa mnyonyaji; uteuzi huo ulifanywa kwa pupa, maana kupe hukaa juu ya ngozi anakoonekana na kung'olewa, ilhali mnyoo huyu huendesha shughuli zake ndani kabisa, bila kelele na bila hata kumharisha mwenyeji wake, jambo ambalo minyoo wengine wa tumbo hawakuweza kujizuia kulifanya.

Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu, lakini mgeni huyu hangojei kupewa. Baada ya wiki tatu hivi tangu kumezwa, jike huanza kutaga mayai, na aweza kutaga 5,000 hadi 10,000 kwa siku, ambayo hutoka na samadi. Hapo ndipo bakteria, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyojaa katika njia ya chakula ya kondoo, wanapostahili sehemu yao ya pongezi. Bakteria hao ndio wanaomwezesha kondoo kula majani, kwa kuwa huchachusha nyuzi za mimea katika tumbo la kwanza na kuzigeuza kuwa asidi ambazo mwili hutumia kama nishati. Nao bakteria wajaao katika samadi ndio chakula cha mtoto wa mnyoo, aitwaye lava, tangu anapoanguliwa hadi afikie hatua ya tatu. Katika hatua hiyo ya tatu lava hubaki amevaa ngozi yake ya zamani kama koti lililoshonwa pande zote, hawezi kula tena, hupanda jani lenye umande, akasubiri. Akishamezwa, hewa ya kaboni inayotokana na ule uchachushaji wa bakteria ndiyo humjulisha kwamba amefika, naye huvua koti lake na kuendelea hadi tumbo la nne. Huko, minyoo wakishakuwa wengi, asidi ya tumbo hupungua ukali, na bakteria ambao zamani wasingeweza kuishi humo hupata nafasi. Kwa hiyo bakteria humlea mnyoo utotoni na kumfungulia mlango ujanani, naye akiisha kukomaa huwalipa kwa kuwapa makazi. Kondoo peke yake ndiye asiyefaidika.

Katika kata ya Sarang'ombe, eneo la Kibra jijini Nairobi, adabu hii yote hukutana na kikwazo ambacho mnyoo hakukitarajia, nacho ni uhaba wa nyasi. Kondoo wa mitaa ya Kibera na Kawangware hupita vichochoroni na majaani wakiokota maganda ya viazi, vikonyo vya sukumawiki na mabaki ya sokoni, na lava asiye na jani la kupanda hana njia ya kufika kinywani. Mahali pake pametwaliwa na mfuko wa plastiki, ambao ulipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Agosti 2017 lakini haukutoweka, na ambao hukaa katika tumbo la kwanza bila kutaga, bila kukua na bila kutoka. Mwenye kuwalinganisha wageni hawa wawili ataona kwamba mnyoo ni shahada ya heshima: kondoo aliye naye amewahi kuona majani na umande, ama kwenye kingo za mito baada ya mvua, ama huko Kajiado na Narok wanakotoka wengi wa kondoo wanaoletwa mjini kuchinjwa wakati wa Idi. Tena mnyoo huyu si wa binadamu, na mla matumbo yaliyooshwa na kuchemshwa hana deni naye.

Hata hivyo fadhila yake kuu ni ya ualimu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye manyoya mafupi na umbo lisilojaa, alikuwa ameenea kila mahali katika nchi ya wafugaji wa Kenya hadi katikati ya miaka ya 1970. Ndipo likaja pendekezo la Dorper, kondoo mkubwa aliyezalishwa Afrika Kusini, na madume yake yakasambazwa kwa ruzuku, kila mfugaji akitaka mwanakondoo mnene, bila kuulizwa jinsi damu ile ya kigeni ingestahimili tumbo lenye minyoo. Mnyoo peke yake ndiye aliyeuliza. Kati ya mwaka 1991 na 1996 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya mifugo yenye makao Nairobi iliyoundwa mwaka 1994, na wa taasisi iliyoitangulia, waliwaweka kondoo wa aina hizo mbili katika shamba la Diani, pwani ya Kenya, mahali penye joto na unyevu anaoupenda mnyoo, wakahesabu mayai katika samadi na kupima wingi wa chembe nyekundu za damu. Wale wekundu walitoa mayai machache zaidi, wakapungukiwa na damu kidogo zaidi, na wana wao wachache zaidi walikufa, hata kundi lao likalizidi kwa mbali la Dorper katika uzalishaji; ilhali Naivasha, penye ukavu, tofauti hiyo ilipungua sana. Bila mnyoo, thamani ya kondoo yule ingeendelea kupimwa kwa mizani ya mchinjaji, na haijulikani kama angebaki hata mmoja wa kupimwa.

Wanakemia nao ni wanafunzi wake, tena wa kurudia darasa. Dawa iitwayo thiabendazole ilipotoka mwaka 1961 ilidhaniwa ndiyo mwisho wake. Kufikia 1964 ripoti za minyoo sugu, yaani wasiodhurika na dawa, zilikuwa zimechapishwa Marekani. Ivermectin, iliyoingia sokoni mwaka 1981 na ambayo wagunduzi wake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, haikumaliza mwongo mmoja kabla ya kukutana na minyoo sugu Afrika Kusini, na katika miaka ya 1990 usugu ulikwisha kuthibitishwa katika mashamba ya Kenya.

Kushindwa huku kumezaa fundisho ambalo mpinzani wake yeyote angeliona la aibu. Wataalamu sasa hushauri kwamba kundi lisinyweshwe dawa lote kwa pamoja. Mfugaji afunue kope ya chini ya jicho la kila kondoo, alinganishe rangi yake na kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini na yenye viwango vitano kutoka wekundu wa afya hadi weupe wa upungufu wa damu, kisha awatibu waliopauka tu na kuwaacha wengine na minyoo yao, ili minyoo wasio sugu wabaki hai na kuzaana na walio sugu. Hivyo sayansi iliyotumia zaidi ya nusu karne kumwangamiza imeishia kumtengea hifadhi.

Hifadhi hiyo, lakini, huhitaji kundi la kugawanya. Mfugaji wa Sarang'ombe mwenye kondoo watatu, ambao wote lazima wauzwe kabla ya Idi, hana wa kumwachia mnyoo. Hununua chupa moja katika duka la dawa za mifugo, hukadiria uzito kwa macho, hupunguza kipimo ili dawa iwatoshe wote watatu, na minyoo wanaosalia baada ya hapo ni wale tu waliofaulu mtihani.