Nyumba Yangu Juu ya Mawe

Mwenye gari la kawaida likiharibika, huliacha gereji akaenda kulala kwake. Mimi kwangu ndiko kulikokuwa gereji.

Hiace yangu niliing'oa viti vya nyuma, nikaweka godoro, jiko la gesi na sufuria moja ya ugali. Tukatoka Mbeya, mimi na mama watoto, tukavuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, kuelekea Dzaleka, kwenye Tamasha la Tumaini, lile lililoanzishwa ndani ya kambi ya wakimbizi mwaka 2014. Kufika Mponela, gari likachemsha. Wenyeji wakatushauri kwa kauli moja: fundi wa kweli yuko Lilongwe. Basi tukaipita njia panda ya Dowa, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kwenda Dzaleka, huku tukiinywesha rejeta maji kila baada ya vilima viwili kama ng'ombe wa mnadani.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akanusa, akatabasamu. "Achimwene, palibe vuto." Kaka, hakuna tatizo. Akachomoa thamostati, akaitupa kwenye debe. "Hii ni ya nchi za baridi." Kumbe kazi yake ni kuiacha injini ipate joto lake mapema, ukiitoa, injini hukaa na ubaridi na kunywa mafuta kama mjomba harusini. Tukawa na gari linalolewa asubuhi na kuchemka mchana.

Fundi wa pili alisema gasketi ya silinda hedi imeungua. Akaipandisha nyumba yetu juu ya mawe, maana jeki ilikuwa na mteja mwingine. Itakuwa tayari lini? "Mawa." Kesho. Kesho hiyo ilichukua siku tatu. Usiku tulipanda kitandani kwa kukanyaga tairi bovu, na kwa kuwa mawe hayakulingana, kila alfajiri tuliamka tumerundikana mlangoni kama viazi.

Siku ya pili tulirudi kutoka sokoni tukakuta vijana wawili wa gereji wamelala kwenye godoro letu, wamejifunika kanga ya mke wangu. Mmoja alifumbua jicho, akatusalimu kwa adabu, akaomba turudishie mlango kwa sababu ya nzi. Chini ya injini, sufuria yetu ya ugali ilikuwa imekingwa, inapokea oili chafu, tone kwa tone. Mke wangu hakusema neno. Katika ndoa yetu, hiyo ndiyo taa nyekundu.

Tulilipa, tukaondoka, tukachemsha Lumbadzi.

Dzaleka tuliingia kwa mwendo wa maiti. Zamani za Rais Kamuzu Banda mahali hapa palikuwa gereza, na jina lenyewe kwa Kichewa ni kiapo: sitarudia tena. Tangu 1994 ni kambi, iliyokusudiwa watu wasiozidi elfu kumi na mbili, na sasa ina zaidi ya elfu hamsini. Chini ya mti tulimkuta fundi Mkongo mwenye spana tatu. Hakugusa injini. Alingoja ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akabonyeza mpira wake kwa kidole gumba.

"Yaya, motere iko muzima. Ni kifuniko tu ndiyo kimechoka."

Kifuniko kikilegea, presha inatoka, maji yanachemka kabla ya wakati. Akatafuta kingine, akafunga. Bei yake haikufika ya chakula cha mchana. Nikamwambia afungue gereji Lilongwe, atatajirika. Akacheka: sheria inamtaka mkimbizi akae kambini. Yaani anayeweza amewekwa huku, na waliobaki mjini wana sufuria yangu.

Hapana, sufuria niliichukua. Niliisugua kwa mchanga, majivu na limau. Hadi leo mke wangu akionja tonge la kwanza hulitafuna polepole, ananitazama, anasema neno moja tu: "Dzaleka."