Kihusishi Kilichokaa Mwishoni
Miongoni mwa makosa ya Kiingereza yanayowanyima usingizi wasahihishaji ni lile la kumalizia sentensi kwa kihusishi, yaani neno dogo linaloonyesha uhusiano wa nomino na maneno mengine, ingawa Waingereza wamelitenda kwa karne nyingi na bado wanaelewana. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu kwa kosa hilo mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, ambaye, kwa kuwa alikwisha kufa tangu 1637, hakubisha. Kisha, kwa uadilifu wa kusifika, Dryden akairudia insha yake mwenyewe na kuving'oa vihusishi vilivyojikalia mwishoni. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika katika kitabu chake cha sarufi kwamba mtindo huo unafaa mazungumzo kuliko maandishi mazito, na kishazi cha kwanza cha maelezo hayo, yaani sehemu ya sentensi yenye kitenzi chake, kikaishia, kwa utulivu kabisa, kwenye kihusishi. Waliomfuata waliugeuza ushauri kuwa sheria, na mzaha, kama ulikuwa mzaha, wakauacha kitabuni. Ndiyo maana karani anayeogopa kuonekana mshamba huipindua sentensi nyepesi mpaka mkubwa wake, asiyeielewa, aisifu kwa usanifu.