Ombi la Mlipakodi Kupangiwa Kazi Nyingine

Kwa: Maafisa Masuuli wote wa wizara, mikoa, halmashauri na mashirika ya umma, Tanzania.

Yah: Ombi la kutendewa kama mnavyotendewa ninyi

Waheshimiwa,

Mlipakodi anawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hasubiri muitikie, kwa kuwa anajionea mwenyewe kwamba kazi inaendelea.

Kwanza anawapongeza. Kwa kujipima na kujiboresha, nchi hii haina wa kuinyooshea kidole. Programu ya Maboresho ya Usimamizi wa Fedha za Umma ilianza mwaka 1998 na mpaka leo awamu zinapokezana. Malipo ya Serikali yalikuwa kwenye mfumo wa Epicor, yakahamia mfumo wa MUSE. Zabuni zilikuwa TANePS, zikahamia NeST. Mwananchi naye halipi hata faini bila kupewa control number. Zamani mtu aliyetaka kuficha jambo alihangaika kutafuta pa kufichia faili. Siku hizi anasema tu mtandao unasumbua.

Mlipakodi hana ugomvi na mifumo. Anachoomba ni kidogo: kanuni mnazotumia ninyi mnapodaiwa, naye azitumie anapodaiwa.

Tazameni sokoni. Mama wa nyanya anatoa ushuru wa siku, mkusanyaji anabonyeza mashine ya POS iliyofungwa raba mgongoni, kikaratasi kinatoka na herufi zake zinaanza kufifia kabla jua halijafika utosini. Noti inaingia mfukoni. Mashine inajua fedha imekusanywa. Benki haina habari. Mwaka hadi mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimeeleza habari hiyo hiyo: makusanyo ya POS yasiyopelekwa benki, mashine zinazokaa nje ya mtandao muda mrefu. Majibu ya menejimenti nayo yamezeeka: hoja imepokelewa, inafanyiwa kazi, wahusika wameandikiwa barua.

Yule mama asipotoa ushuru, haandikiwi barua. Meza yake inabebwa asubuhi ile ile.

Na mwenye duka? Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya Mamlaka ya Mapato, TRA, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza. Hata mnunuzi anayeondoka dukani bila risiti ana kosa kisheria. Kwa shati moja anaulizwa karatasi njiani. Kwenu, malipo yenye nyaraka pungufu ni kichwa cha habari cha kudumu katika ripoti, na masurufu yasiyorejeshwa yana aya yake kila mwaka.

Sasa kalenda, maana hapo ndipo mlipakodi anapowaonea wivu. Chukueni fedha iliyotumika vibaya Julai 2021. Mwaka wa fedha ulifungwa Juni 30, 2022. Hesabu zinapelekwa kwa CAG ndani ya miezi mitatu. Ripoti inamfikia Rais mwishoni mwa Machi 2023, kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, na inaingia bungeni Aprili. Magazeti yanachemka wiki mbili. Wabunge kadhaa walipotaka ijadiliwe papo hapo, waliambiwa utaratibu ni Novemba, baada ya kamati kuwahoji ninyi na ninyi kujibu. Kutoka Julai ile hadi Novemba ile ni miezi 28. Aliyetia saini vocha ameshahamishwa, aliyeikagua ndani amestaafu, na mkandarasi ameshafungua kampuni yenye jina jingine.

Mlipakodi anaomba miezi 28 kama hiyo kila TRA inapobisha hodi.

Wapo wataalamu wanaolipima hili kwa alama. Kipimo cha kimataifa kiitwacho PEFA, kilichoanzishwa mwaka 2001, kina viashiria 31 katika toleo lake la 2016, na alama zake zinaanzia A hadi D. Kiashiria cha 31, cha mwisho kabisa, kinaangalia namna Bunge linavyozishughulikia ripoti za ukaguzi. Likimaliza ndani ya miezi mitatu tangu lizipokee, linapata A. Ndani ya sita, B. Ndani ya 12, C. Kutoka katikati ya Aprili hadi Novemba kila mtu ahesabu mwenyewe kwa vidole. Alama hiyo mtoto akiileta nyumbani kutoka shuleni, hapewi chai mpaka ajieleze.

Lakini isisemwe kwamba Bunge halijui kukimbia. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, akiwa CAG, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa New York kuhusu hoja zake kutofanyiwa kazi, akasema anauona huo kuwa udhaifu wa Bunge. Januari 2019 akaitwa mbele ya Kamati ya Maadili. Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Hoja ya neno moja ilifungwa kwa miezi minne tu, bila kusubiri Novemba. Novemba ilipofika, kiti kilikuwa na mtu mwingine, Charles Kichere. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaja kusema kuondolewa kwa Assad hakukufuata Katiba. Huenda huyo ndiye aliyewajibishwa haraka kuliko wote katika historia ya ripoti hizo, na kosa lake lilikuwa kuzielezea.

Mlipakodi ana kielelezo kingine, na anakipenda zaidi. Mwaka wa fedha 2005/06, kampuni 22 zilichota Sh133 bilioni Benki Kuu kutoka akaunti ya madeni ya nje, ile EPA. Mambo yalipofumuka, Gavana Daudi Ballali aliondolewa Januari 2008. Waliochukua wakapewa hadi mwisho wa Oktoba mwaka huo warudishe kwa hiari. Atakayerudisha hafikishwi mahakamani. Kesi zilifunguliwa baadaye, na wapo waliofungwa, hilo lisemwe kwa haki. Lakini ule muda wa hiari! Mlipakodi anaomba hadi Oktoba. Mwaka wowote.

Na hasira za juu zipo, haziwezi kukanushwa. Machi 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akipokea ripoti za CAG, alieleza habari ya ndege ya mizigo: mkataba ulisema dola milioni 37, ankara ikaja na dola milioni 86. Akalimaliza kwa neno moja la Kiingereza ambalo mtu mzima hupenda asiambiwe mbele ya kamera. Mlipakodi alipiga makofi. Kisha akasubiri sehemu ya pili, ile ya majina.

Adhabu mnayoijua vizuri, waheshimiwa, ni ile inayosomwa usiku kwenye taarifa ya Ikulu: uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine. Basi mlipakodi naye anaomba hivyo. Akishindwa kulipa kodi ya jengo, apangiwe jengo jingine. Akikutwa na mauzo yasiyo na risiti, ahamishiwe soko la wilaya nyingine, na posho ya uhamisho juu. Nyaraka zikitakiwa, aruhusiwe kusema aliyekuwa nazo yuko likizo, kisha azitoe siku moja kabla ya kamati kukaa, wino ukiwa bado mbichi.

Jirani Kenya wameandika vingine. Ibara ya 229 ya Katiba yao ya 2010 inalipa Bunge miezi mitatu kuijadili ripoti ya ukaguzi na kuchukua hatua, na ibara ya 226 inasema afisa anayeelekeza fedha za umma zitumike kinyume cha sheria atailipa hasara yeye mwenyewe, hata kama ameshatoka ofisini. Maandishi matamu, ingawa hayakuizuia Kaunti ya Bungoma kununua matoroli 10 mwaka 2015, kila moja kwa zaidi ya Sh109,000 za huko. Katiba nzuri haisukumi toroli. Ila angalau Mkenya akidai, anajua ibara ya kushika mkononi.

Kama ombi la mlipakodi ni zito kwenu, analo jepesi zaidi. Ripoti ijadiliwe Juni, kabla Bunge halijapitisha bajeti mpya na kuwaongezea fedha walewale waliotajwa Aprili. Kisha, mwishoni mwa kila ripoti, pawe na jedwali moja la safu tatu: kiasi kilichorejeshwa, cheo cha aliyerejesha, tarehe. Kama hakuna kilichorejeshwa, iandikwe sifuri, ukurasa mzima kama inabidi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlipakodi

Nakala: Mlipaji Mkuu wa Serikali, kwa taarifa. Kamati za Bunge za Hesabu za Serikali (PAC) na Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC), kwa majibu kabla ya Novemba.