Mbayuwayu Mwenye Pete na Kesi ya Chuma Ulete

Mpwa wangu anasomea wanyamapori chuo kikuu, na tangu arudi kutoka Kenya hana habari nyingine isipokuwa Ngulia. Huko, kwenye hoteli iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, wataalamu wamekuwa wakiwavisha ndege pete za miguuni tangu 1969. Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mwezi, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli, wakashuka kwa wingi. Alfajiri wanakuta nyavu. Hupimwa bawa, hupimwa uzito, huvishwa pete yenye namba, kisha huachiwa waendelee na safari. Watalii wanatazama huku wanakunywa chai.

Kwetu Ilala, jijini Dar es Salaam, hatuna ukungu. Taa tunazo, umeme ukiwepo. Lakini vuli ilipoingia, yeye na mwalimu wake, vibali mkononi, wakachagua bustani za mchicha za bonde la Msimbazi, upande wa Vingunguti. Mimi nikaalikwa kama mwenyeji, yaani mtu wa kushika mti wa wavu na kujibu maswali.

Wavu wenyewe ni mweusi na mwembamba, umetengenezwa makusudi ndege asiuone. Bahati mbaya, hata akina mama wanaochuma mchicha wa kupeleka sokoni hawauoni. Wa kwanza kunaswa likawa beseni, na mwenye beseni akiwa chini yake, akitutaja sisi na ukoo wetu. Wa pili jogoo. Mwenye jogoo alidai fidia kwa sababu, alivyosema, "Tangu atoke humo hawiki, anawaza."

Kunguru walikaa juu ya mwembe wakatazama yote hayo, hakuna hata mmoja aliyesogea. Babu zao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wafanye kazi ya kusafisha taka, na tangu hapo wamejiongezea madaraka. Hao huwategi.

Hatimaye akanaswa mbayuwayu, mmoja wa wale wa kutoka Ulaya, gramu 20 hivi za manyoya na hasira. Mpwa wangu akamvisha pete. Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, mahari amepokea nani?" Tukacheka. Tungejua, tusingecheka kwa sauti.

Jioni habari zilishafika Buguruni, na kufikia asubuhi zilikuwa Kariakoo: kuna watu bondeni wanawafunga ndege hirizi miguuni, kisha wanawatuma madukani kuvuta hela kwenye droo. Chuma ulete ya angani! Mfanyabiashara mmoja wa vitenge akaapa kwamba mbayuwayu alipita mlangoni kwake na mauzo yakashuka palepale. Kwamba ilikuwa tarehe 27 na hakuna aliyekuwa na hela, hilo hakulitaja.

Tukaitwa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mpwa wangu akaeleza, "Shikamooni wazee. Kazi hii aliianza mwalimu wa Denmark, Mortensen, mwaka 1899, kwa kuwavisha kwezi pete za alumini. Kabla ya hapo hata wasomi wa Ulaya walikuwepo walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa majira yote ya baridi." Baraza likaangua kicheko. Watu waliokuwa wakituhumu ndege kwa wizi wa droo waliwahurumia sana Wazungu.

Akaongeza kisa cha korongo aliyeuawa Ujerumani mwaka 1822 akiwa na mkuki wa Afrika umemchoma shingoni. Korongo huyo yupo hadi leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mzee mmoja akainuka, "Basi sisi ndio tuliotangulia kuwawekea alama!" Kesi ikageuka hapo. Mjumbe akatuachia, kwa sharti moja: ndege hao, kwa kuwa ni wageni, waandikishwe kwenye daftari la wakazi. Mpwa wangu akaandika namba ya pete. Kwenye safu ya kazi, mjumbe akajaza mwenyewe: "Msafiri."

Nawe ukimwokota ndege mwenye pete, usimkimbilie mganga. Nakili herufi na namba zote, andika tarehe na mahali, upeleke taarifa kwa taasisi iliyotajwa kwenye pete. Akiwa mzima, mwachie aende zake nayo. Na droo yako ikizidi kupungua, anza na msaidizi wako wa dukani.