Bwana Bima

Leo asubuhi Mwaloni Kirumba, mama ninayenunua dagaa kwake alinipimia sado yangu, akafunga mfuko, kisha akauliza mbele ya wateja wote: "Na hawa utawakatia bima, baba?" Wapagazi walicheka hadi wakatua magunia. Kumbe shemeji ameshapita akisimulia. Kuanzia Pasiansi hadi Buswelu, sasa mimi ni Bwana Bima.

Kisa ni cha juzi usiku, kwenye kasino moja ya mjini, mchezo wa ishirini na moja. Niliweka shilingi 20,000, nikagawiwa kingi na jeki: ishirini, mkono ambao mtu hata kuuomba anaona aibu. Dada mgawaji akafunua karata yake ya kwanza. Ree. Akatabasamu, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha kijani. "Bima, kaka?"

Shemeji, nyuma yangu, soda mkononi, akaninong'oneza: "Kata, shemeji. Mali hailali nje."

Nikatoa 10,000 nyingine. Dada akachungulia karata yake iliyolala: si ya kumi. Bima ikaondoka. Akaifunua: tano. Akavuta nyingine: tano. Ishirini na moja. Ile 20,000 nayo ikaifuata bima.

Tangu hapo sipati usingizi, si kwa sababu ya fedha (naongopa kidogo) bali kwa sababu ya hesabu yake, ambayo ni tamu ajabu. Bima ile hailindi kitu. Ni dau jingine kabisa la pembeni: unabashiri kwamba karata iliyofichwa ni ya kumi, yaani kumi yenyewe, jeki, kwini au kingi. Ukipatia unalipwa mbili kwa moja. Basi ili pasiwe na anayemla mwenzake, katika kila karata tatu zilizobaki moja lazima iwe ya kumi. Sasa chukua pakiti sita, karata 312; za kumi ni 96. Toa ree ya dada, toa mbili zangu. Zimebaki 309, na za kumi ni 94. Zilitakiwa 103! Ningeweka 10,000 kwa kila moja ya hizo 309, ningevuna 1,880,000 na kupoteza 2,150,000. Pengo ni 270,000, karibu shilingi 874 kwa kila dau. Na utamu wenyewe uko hapa: mbili kati ya zilizopungua nilikuwa nimezikumbatia mimi. Wenye ishirini ndio hukimbilia bima, na ndio inaowanyonya zaidi.

Ipo siku inalipa, sikatai. Mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alieleza katika kitabu chake cha 1962 kwamba anayehesabu karata zinazotoka anaweza kujua wakati za kumi zimejaa kwenye zilizobaki. Mtu wa aina hiyo kasino humwonyesha mlango, kwa adabu.

Wala bima si dau la pembeni pekee linalonyonya: kwenye bakarati, mchezo mwingine wa karata, dau la sare hulipa nane kwa moja na kumeza zaidi ya shilingi 14 katika kila 100. Nililiweka. La jozi nalo niliweka.

Lakini kuna jambo silicheki. Masharti ya bima yalikuwa yameandikwa palepale kwenye kitambaa, kwa Kiingereza. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, tuna Bodi yake, na asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza; vema. Hata pakiti ya sigara hutuonya kwa Kiswahili. Mimi neno pekee la Kiswahili nililopewa mezani kuhusu dau hilo lilikuwa "bima", na bima ninayoijua ni ile ya gari na ya hospitali. Dada angeuliza, "Utatupa elfu kumi, kaka?" ningefikiri kwanza.

Shemeji, ambaye hakuweka hata shilingi, ananidai nauli ya bodaboda tuliyopanda mshikaki kurudi Kirumba. Nusu tu, anasema, maana yeye ni muungwana.