Baba Si Bibi

Msimu uliopita, nyumba ya wageni ninakofanya kazi, Jambiani, ilijaa Wapolandi. Mwenye nyumba ni mtu mzima, ndevu mpaka kifuani, kanzu na kofia ya viua, na sote tunamwita Baba. Asubuhi ya kwanza, chapati zikiwa bado zinafuka moshi, nikawajulisha wageni: "Huyu ndiye Baba."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja, pua imebabuka kwa jua, akapaliwa na chai. Baba, kwa uungwana wake, akacheka nao.

Jioni yule mama akanivuta pembeni. Kwao baba ni mwanamke, tena wa kubezwa, kama sisi tunavyosema jibibi. Warusi nao vivyo hivyo. Wajapani wana babaa, ya kumtukania bikizee. Waturuki na Wayoruba, nashukuru, wako upande wetu. Nimwambie Baba? Mshahara ulikuwa bado wiki moja. Nikanyamaza.

Nikadhani nimeshaerevuka. Ikaja familia kutoka Georgia, ile ya Tbilisi, si ya Marekani. Mtoto wao akajikwaa barazani: "Mama! Mama!" Nikamnyakua, mbio hadi ufukweni kwa mama yake, nikampita baba mtu kitini, mikono kainyoosha. Kufika, mtoto ndiyo kwanza anazidisha kilio, kidole kaelekeza tulikotoka. Mama mtu hana mbavu. Kwao mama ndiye baba. Mama ni deda. Nikarudi na mzigo wangu, mchanga wa saa saba mchana ukinichoma nyayo.

Mwanaisimu Roman Jakobson aliyatafakari haya baada ya George Peter Murdock, mwaka 1959, kukusanya maneno zaidi ya 1,000 ya kuwaitia wazazi duniani. Lugha hizi si lazima ziwe zimeazimana. Mtoto anyonyaye mdomo umejaa, hivyo huguna "mmm" kwa pua. Akiachama, hutoka "ma". Midomo ikigongana tu, "ba", "pa". Yeye hajamwita mtu. Ni sisi wakubwa tunaogombania: huyo kaniita mimi! Georgia, nadhani, baba alifika mapema.

Juzi yule mama wa Poland katuma ujumbe: "Msalimie Baba." Nikamfikishia. Baba akatulia, akazichana ndevu kwa vidole, akauliza, "Hivi siku ile walicheka nini?"

"Chapati, Baba. Zilikuwa tamu mno."